Mvua Iliyonyesha Koponi Tu

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyezoea chaki: herufi kubwa, na mstari unapanda kama barabara ya kwenda Meru. Tahajia nayo msinisahihishie. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na huandika polepole, neno moja, chai kidogo, neno la pili. Mkinisoma haraka mtanipita, basi mnisubiri mbele.

Nawaandikia nyinyi walimu wadogo, na nyinyi wanafunzi mnaotaka kuwa walimu, Mungu awahurumie. Nimewaona na vioo vyenu vya mkononi. Mtoto anagusa kwa kidole, sayari zinazunguka kwa rangi, muziki unalia, somo limekwisha na hakuna aliyechafuka. Hongera. Sisi tulirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, na wazazi wakiuliza tulikuwa wapi, watoto wanasema walikuwa Jupita.

Mtauliza mtu wa darasa la saba alipataje kufundisha sayansi. Swali zuri. Mwanzoni mwa miaka ya sabini shule zilikuwa nyingi kuliko walimu, na yeyote aliyeweza kuandika jina lake bila kutoa ulimi nje alipewa chaki. Babu yangu aliletwa Isiolo na jeshi la wakoloni, akiwa na bunduki. Baba yangu aliendesha lori mpaka Marsabit peke yake. Mimi, mzao wa mashujaa hao, sikuweza kusema "hamjambo" nikiwatazama watu. Miezi ya kwanza nilisalimia ubao. Watoto waliitikia kwa adabu, nadhani walifikiri ubao ndio mgeni.

Sayansi sikuichagua. Walimu wengine walipogawana masomo, kila mmoja alichukua lile lenye kitabu. Sayansi ilibaki kwa sababu ilikuwa na "vitendo," na vitendo vinataka vifaa, na vifaa vilikuwa kabatini.

Hapa lazima nimtaje Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Kirimi, mtu wa Meru, mrefu, mpole, aliyevipenda vifaa vya shule kiasi kwamba hakutaka vitumike. Tulikuwa na tufe la dunia. Zuri, jipya, bahari za buluu. Lilikaa ndani ya kabati la vioo la ofisi, na ufunguo ulikaa ndani ya mfuko wake.

"Dunia inaharibika ikishikwashikwa, Mwalimu Jama," aliniambia.

"Sasa watoto wataionaje?" niliuliza, nikiviangalia viatu vyangu.

"Watazame dirishani. Mmoja mmoja. Na wasiguse kioo."

Hivyo watoto wa Isiolo waliiona dunia kama wale watu waliokwenda mwezini walivyoiona: kwa mbali, kupitia kioo, bila ruhusa ya kugusa.

Ndipo nikaanza kufundisha uwanjani. Haikuwa hekima, msidanganyike. Uwanjani watoto walitazama huku na huko badala ya kunitazama mimi, na hilo lilinifaa sana. Nilichukua karai la jikoni nikaliweka katikati, nikasema hili ni jua. Msichana mmoja akawa dunia, akizunguka karai huku akijizungusha mwenyewe. Mvulana wa Kiturkana aitwaye Ekai nikamfanya mwezi, azunguke dunia huku dunia ikizunguka jua. Jaribuni muone. Dunia ilipata kizunguzungu ikakaa chini. Halafu mbuzi wa jirani wakaingia kwenye bustani ya shule.

"Mwalimu! Mwezi amehama!" watoto wakapiga kelele.

Kweli, mwezi ulikuwa umeacha njia yake na sasa uko mbali, unafukuza mbuzi kwa fimbo.

"Wewe mwezi! Rudi hapa!"

"Wanakula sukuma, Mwalimu!"

"Mwezi haufukuzi mbuzi!"

"Basi nani atafukuza? Dunia amekaa chini!"

Lakini miaka mingi baadaye nilikutana na Ekai, mtu mzima, na bado alikumbuka kwa nini mwezi hutuonyesha uso mmoja tu. Alizunguka kwa miguu yake huku akimtazama dunia usoni, kwa hiyo alijua. Mtoto akishaumia magoti kwa ajili ya jambo, hulisahau kwa shida.

Wazazi nao walikuwa na maswali yao. Siku moja mzee wa Kiborana aliyekuja kumwona mtoto wake alinisikia nikieleza habari za watu waliofika mwezini. Akaingia darasani, akaegemea fimbo yake.

"Walifika kweli?"

"Walifika, mzee."

"Walikuta majani?"

"Hapana."

"Maji?"

"Hapana, mzee."

Akanitazama kwa huruma nyingi. "Na walirudi kuambia watu?" Akaondoka akitikisa kichwa. Kwake yeye, mtu aliyetumwa kwenda mbali kutafuta malisho akarudi na mawe, hufanyiwa sherehe na nani?

Lakini nilitaka kuwaeleza habari za kopo, si za mwezi. Kopo la kupima mvua hutengenezwa hivi, na msikilize vizuri kwa sababu kwenye vioo vyenu mtaona picha yake tu. Tafuta kopo pana la mafuta ya kupikia, mdomo wake uwe haujabonyea. Lifunge juu ya kigingi, lifike gotini, ili matone yanayogonga ardhi yasirukie ndani. Liwe mbali na mti, kwa maana mti hunywa kwanza, kisha hudondosha ukipenda wenyewe. Juu yake weka faneli ili jua lisiibe maji kabla hujaamka. Kila asubuhi kabla ya paredi, mimina kilichomo kwenye chupa nyembamba uliyoichora mistari, usome. Halafu, na hili halikuwamo katika kitabu chochote kilichotoka Nairobi, zungushia boma la miiba. Mbuzi wa Isiolo hunywa takwimu.

Niliwapa watoto sheria moja, na ndiyo sentensi pekee niliyoweza kuisema kwa sauti kubwa bila kutazama viatu: "Usiandike unachofikiri. Andika kilichomo kwenye kopo." Niliipenda sana sentensi ile. Ngojeni.

Ukaja ukame mkubwa, ule wa miaka ya themanini, wa mahindi ya njano. Wazee wenu wanaukumbuka. Ng'ombe walikufa njiani wakielekea majini, na watu waliokuwa na mifugo jana walikuja kupanga chumba mtaa wa Bulla Pesa wakitafuta kibarua cha kupakua magunia. Shule yetu ilikuwa upande wa Chechelesi, na ilipewa mahindi ya msaada kupikia watoto chakula cha mchana. Watoto walisema mahindi yale ni chakula cha ng'ombe. Waliyasema hayo midomo ikiwa imejaa. Na mahudhurio, jamani! Wizara yote isingeweza kufanya kilichofanywa na sufuria ile. Saa nne darasa lilikuwa nusu, saa saba tulikuwa na wanafunzi ambao sikuwahi kuwaona.

Msomaji wangu wa kopo mwaka huo alikuwa Kabale, msichana wa darasa la sita, mwenye macho makali na maneno machache. Aliishi na nyanya yake, Akko Dhaki, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma tu ya ua wa shule. Akko ndilo neno la Waborana la nyanya, na mtaa mzima tulimwita hivyo, hata Mwalimu Kirimi. Ng'ombe wa Akko walikuwa wamekwisha. Alibaki na mbuzi mmoja wa maziwa. Mjomba wake Kabale, aliyekuwa na shamba dogo la mfereji kule Kinna, alikuwa ameshakuja akitaka amchukue msichana akamlelee watoto wake wadogo. Akko alimjibu mbele yangu, ugani kwake:

"Shule inamlisha. Siku shule itaacha kumlisha, kuja umchukue. Leo bado."

Kwa hiyo elewaneni nami: Kabale na Kinna walitenganishwa na sufuria moja ya mahindi.

Katikati ya hayo, serikali iliamua kwamba walimu tusiosomea ualimu tupelekwe kozi. Nilipelekwa Meru wiki kadhaa nikafundishwe jinsi ya kusoma kopo la mvua, wakati kopo lenyewe nimeliacha Isiolo. Tulikaa kwenye ukumbi baridi, mkufunzi akachora kopo ubaoni. Tulilichora sisi pia. Mmoja wetu aliuliza kama tunaweza kuona kopo la kweli, akaambiwa hilo ni la muhula ujao.

Niliporudi, uwanja wa shule ulikuwa unga mtupu. Upepo ulikuwa unabeba nusu ya Chechelesi kuipeleka Wajir. Mwalimu Kirimi alinipokea langoni, na uso wake haukuwa wa furaha wala wa huzuni, ulikuwa wa mtu aliyeambiwa fumbo.

"Mwalimu Jama, umesikia? Tulipata mvua."

"Wapi?"

"Kwenye ubao."

Nikaenda nikaona. Kwenye ubao wa hali ya hewa, kwa mwandiko safi wa Kabale, kila siku kulikuwa na mvua. Kidogo, lakini kila siku.

"Na hiyo si mbaya sana," akaendelea. "Mbaya ni kwamba yule afisa wa kamati ya chakula alipita hapa. Kipimo chao kimevunjika. Akafurahi kukuta shule yenye kipimo. Akanakili yote, akatusifu."

"Halafu?"

"Halafu jana lori ya mahindi ilifika hapo kwenye kona, ikakata kushoto. Nikamkimbilia dereva, mimi mtu wa umri huu, nikakimbia! Akaniambia, 'Mwalimu, nyinyi mmenyeshewa. Hii inaenda kwa watu wa shida.'"

Gunia lililobaki stoo lilikuwa la siku chache tu.

Nikamwita Kabale. Alikuja akasimama wima kama kigingi.

"Kabale, mvua hii ilinyesha lini?"

"Haikunyesha, Mwalimu."

"Sasa umeandika nini?"

"Kilichomo kwenye kopo."

"Kilikuwa maji?"

"Maziwa."

Mwalimu Kirimi alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo.

"Maziwa," nikasema. "Na wewe ukaandika mvua."

"Mwalimu hakutufundisha kuandika rangi."

"Nani alitia maziwa?"

Kabale akaangalia upande wa ua wa nyuma. Kisha akasema taratibu, "Mtoto hasemi dua ya mtu mzima."

Basi tukajua wote. Na mkitaka kujua Akko Dhaki alikuwa anafikiri nini, jiwekeni mahali pake. Kila asubuhi, kutoka mlangoni kwake, aliona chombo kimeinuliwa juu ya kigingi, mdomo wazi kwa mbingu, kimezungushiwa boma la miiba. Aliona watoto wanakuja kwa mstari, kimya, mmoja anainama anakichungulia. Na hakuna mvua. Mtu mwenye akili angefikiri nini? Shule hatimaye imeanza kuomba! Lakini imeomba vibaya, maskini, kwa sababu inamwonyesha Mungu chombo kitupu. Kwa Akko hilo lilikuwa jambo la aibu. Mtu haombi kwa kibuyu kikavu, huacha tone la maziwa ndani, hata kama ni tone la mwisho. Kwa hiyo kila alfajiri alimkamua yule mbuzi mmoja, akatenga kidogo, akapenyeza mkono kwenye miiba, akatusaidia.

Nilimwendea afisa siku ya pili. Nilibeba kopo lenyewe, maana mdomo wangu haukuwa wa kutegemewa. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, suti ya mikono mifupi, kalamu nne mfukoni, na nilivieleza viatu vyake jambo lote kuanzia mwanzo. Nilipoishiwa maneno nikamsogezea kopo. Akanusa. Akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Hii ni nini?"

"Mvua, bwana."

"Mwalimu, unataka niandikie Nairobi kwamba mvua ya Chechelesi ilitoka kwa mbuzi?"

"Ndiyo, bwana. Samahani, bwana."

Karani aliyekuwa pembeni alitoka nje kwenda kucheka. Tulimsikia. Afisa hakucheka.

"Nambari ikishakwenda haiitwi ikarudi," akasema. "Nitakuja mwenyewe Jumatano. Nitasoma hilo kopo kwa macho yangu. Likiwa kavu, nitajua mnasema kweli. Likiwa na kitu, mimi sitajua la kufanya, na mtu asiyejua la kufanya hapeleki lori."

Sasa mwone jinsi serikali na mbingu zilivyotuweka. Ili watoto wapate kula, ilibidi mvua isinyeshe. Shule nzima ya wafugaji, katikati ya ukame, ikawa inaomba ukavu mpaka Jumatano. Na ilibidi mtu aende kumwambia Akko Dhaki aache kuomba. Mwalimu Kirimi alisema kazi hiyo ni ya idara ya sayansi. Idara ya sayansi ilikuwa mimi.

"Salaam aleikum, Akko."

"Aleikum salaam. Jama, mtoto yangu, ingia. Kwa nini unaangalia chini, umepoteza kitu?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, lakini Kabale alinitafsiria kwa Kiborana, na nadhani tafsiri yake ilikuwa bora kuliko maneno yangu. Akko alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nyinyi watu ya kalamu," akasema, "mnataka Mungu akae kimya, ndiyo nyinyi mpate mahindi ya ng'ombe."

"Mpaka Jumatano tu, Akko."

"Mpaka Jumatano! Na Mungu ameambiwa ni Jumatano?" Akageukia mbuzi wake, kana kwamba ndiye pekee mwenye akili pale. "Unasikia hii?"

Nilikuwa nimeshasimama kuondoka. Kabale ndiye aliyesema, kwa Kiswahili, akitazamana na nyanya yake:

"Akko, hiyo ni kopo ya serikali. Serikali haijui maziwa. Sisi tukuwekee kopo yako."

Akko alifikiri. "Iwe kubwa kama hiyo?"

"Sawasawa na hiyo," nikasema upesi.

"Na boma ya miiba?"

"Na boma ya miiba."

Ndivyo tulivyopata makopo mawili, kigingi kwa kigingi, hatua chache kati yao. Darasa la sita liliyasoma yote mawili kila asubuhi na kuandika yote mawili ubaoni, na safari hii nikawaambia waandike pia ni kitu gani. *Kopo la serikali: hakuna kitu. Kopo la Akko: maziwa, kidogo.* Baadaye, kwenye kozi nyingine, mkufunzi alitueleza kwamba ili ujue jambo moja limesababisha lingine, weka vyombo viwili sawa, badilisha kimoja tu. Alisema ni njia ngumu, tusijaribu na watoto.

Jumanne jioni mawingu yakapanda kutoka upande wa milima ya Nyambene.

Sitawaeleza sana. Watu walisimama nje na mikono wazi, wanawake wakapiga vigelegele mtaa mzima, na mimi na Mwalimu Kirimi tukasimama kwenye baraza la ofisi kama watu waliofiwa. Mvua ilipiga mabati mpaka tukashindwa kusikiana. Ilikuwa kubwa, baridi, ya upepo, na haikujali Jumatano ni lini.

Asubuhi kopo la serikali lilikuwa limefurika.

Mwalimu Kirimi alimkuta Kabale na chaki mkononi. Alikuwa mtu mwema, nataka mlijue hilo. Hakuwahi kusema uongo hata kwa mke wake, na mke wake alimlalamikia kwa hilo.

"Mwaga," akamwambia kwa sauti ya chini. "Futa kwa kitambaa. Andika sufuri."

"Mwalimu Mkuu, kopo imejaa."

"Nimeona. Andika sufuri, mtoto wangu. Wewe na wenzako mtakula."

"Barabara yote ina matope," Kabale akasema. "Atakuja na viatu vya matope, asome sufuri?"

Mwalimu Kirimi alinitazama mimi. Na nje ya ua, mjomba wa Kinna alikuwa ameshafika. Aliletwa na habari za lori lililokata kona. Alikuwa amesimama kando ya miiba, kofia mkononi, akingoja kwa adabu kama mtu anayengoja gari. Furushi la Kabale lilikuwa tayari limefungwa, liko mlangoni kwa Akko. Dogo sana, lile furushi.

Nikasema, "Soma yote mawili, Kabale. Kama kila siku."

Afisa alifika saa tatu, matope mpaka magotini, hasira mpaka shingoni. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao, na sisi nyuma yake, na watoto wa darasa la sita nyuma yetu. Akasoma kwa sauti:

"Kopo la serikali: maji, limefurika." Akaguna. "Angalau leo mmesema kweli." Kisha akaendelea, na sauti yake ikapungua. "Kopo la Akko: maji, limefurika. Maziwa, hakuna." Akageuka. "Nani ameandika 'maziwa, hakuna'?"

"Mimi," akasema Kabale.

"Kwa nini? Nyanya yako ameacha kuomba? Amepata alichotaka?"

"Mbuzi amekufa," Kabale akasema. "Alikuwa amekonda. Mvua ilikuwa baridi."

Nyinyi mliokulia mjini huenda hamjui. Mfugaji yeyote anajua. Mvua ya kwanza baada ya njaa haileti maziwa, inakuja kuchukua waliobaki. Mnyama aliyebaki ngozi na mifupa hawezi kutetemeka usiku kucha. Majani huota baadaye, ng'ombe hupatikana baadaye sana, na katikati hapo watu hula nini?

Afisa alitazama ua wa nyuma. Akko Dhaki alikuwa amekaa mlangoni kwake, kando ya furushi, na kando ya mbuzi aliyefunikwa gunia. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia maji yakitiririka kwenye mtaro, maji aliyoyaomba.

"Mama, pole," afisa akaita.

"Mimi niliomba mvua," Akko akajibu bila kugeuka. "Sikusema mvua ya namna gani. Makosa iko wapi? Iko kwa mtu ya kuomba."

Mjomba akasogea hatua moja. "Bwana Mkubwa," akasema kwa heshima, "mimi nangoja tu neno lako. Kama hakuna chakula, mimi na msichana tutembee, Kinna ni mbali."

Afisa alitoa kalamu moja kati ya zile nne, akairudisha, akatoa nyingine, labda hiyo ndiyo ya kweli. Akanakili ubao wetu, mistari yote miwili, neno kwa neno, pamoja na maziwa. Kisha akamwambia mjomba, "Wewe rudi peke yako. Hapa mvua ipo, chakula hakuna. Lori litakuja Ijumaa."

Lilikuja Jumatatu, kwa sababu lilikwama siku tatu kwenye tope. Siku hizo tatu Mwalimu Kirimi alilisha darasa la sita kutoka jikoni kwake, na mke wake akalalamika kwa hilo pia. Jumatatu mahindi yalipoanza kuchemka, alinijia uwanjani na kunipa ufunguo wa kabati. Niliupokea bila kumtazama usoni. Tulielewana hivyo hivyo.

Kabale alimaliza shule. Si lazima niseme alikuja kuwa nani. Wengine wenu mmechanjwa naye.

Ninyi walimu wadogo, na nyinyi wanafunzi, nawaomba mniandikie. Si lazima mniulize habari zangu, mmeshazisoma nyingi mno. Niambieni huko kwenu mnapima nini kwa mikono yenu, mvua, upepo, kivuli cha mchana, chochote, na siku gani kipimo chenu kiliwashangaza. Andikeni na yale msiyotumwa kuyaandika. Mimi niko nyumbani, asubuhi zote nina nafasi, na barua ya mtoto husomwa hapa kwa sauti, mezani, kila mtu akinyamaza.